CHUMA NA MLINGOTI: JINSI YA KUKAZA MWILI BILA KUAMBIWA UNAUMWA

Leo nawaletea kitu kirefu kidogo, kwa sababu swali limekuwa lile lile kila wiki: "Dada, tumesikia huko kwenu Rasbura mmesimika bomba uani mnalipanda kama mnazi, halafu mnanyanyua madumu ya maji. Ni kweli linakata mwili?" Jibu fupi: bomba peke yake halikati kitu. Bomba, chuma na sahani yako vikikaa pamoja, hapo ndo tunaongea lugha nyingine. Kama uko kafe na dakika zinakimbia, soma sehemu ya hesabu na ile ya wiki nzima, mengine utayarudia kesho.

Jina kwanza. Kwa Kiingereza neno la mlingoti linaandikwa p-o-l-e, na mdogo wangu alipolisoma kwenye kioo mara ya kwanza akaniuliza, hii ni ngoma ya kupeana pole msibani au? Tulicheka mpaka basi. Mimi nitaiita dansi ya mlingoti, na lile chuma lenyewe nitaliita bomba, kwa sababu kweli ni bomba la maji.

NILIVYOKONDA KIJINGA

Miaka kadhaa nyuma nilipunguza kilo 9 ndani ya miezi miwili. Njia yenyewe: asubuhi chai ya rangi, mchana matango, usiku nalala na njaa najisifu. Mizani ikafurahi. Mtaa haukufurahi. Si unajua tena huku kwetu, ukikonda ghafla hakuna anayesema hongera. Wanakuuliza "unaumwa?", na wale wasiouliza ndo wameshajipa jibu. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, aliniletea uji wa lishe kwenye chupa ya chai, akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, siku hizi dawa zipo, usijifiche." Nikamshukuru, nikanywa uji, nikaingia ndani nikalia.

Sasa kilichoniuma zaidi ni kwamba yule mama hakuwa amekosea kuona. Mashavu yalikuwa yameingia, mikono imekuwa kama ya mtoto, mapaja yamelegea, na kitambi kipo palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Baadaye nilipoanza kusoma nikaelewa. Mtu akipunguza uzito kwa njaa tupu, bila mazoezi ya nguvu, kwa kawaida kama robo hivi ya kilo zinazoondoka sio mafuta. Ni misuli na vitu vingine ambavyo ulikuwa unavihitaji. Na ukila kidogo sana kwa haraka sana, hiyo sehemu inazidi. Ndo maana kuna kukonda na kuna kukaza mwili, na jicho la jirani linajua tofauti hata kama mizani haijui.

Kilo zangu 9 zilirudi zikiwa 10. Hiyo moja sijui waliikuta wapi njiani.

HESABU, USIRUKE HAPA

Watu wanadhani bomba lina uchawi kwa sababu wanaona wachezaji wake kwenye video wamekatika vizuri. Ngoja tupige hesabu. Kupanda ni kazi ya kupeleka uzito juu, na fizikia yake ni ya vidato vya sekondari. (Hivi mnajua kidato ni nini? Ni ile alama inayokatwa kwa panga kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Waliotuitia madarasa hivyo walituona sote wakwezi.) Chukua mtu wa kilo 60 apande bomba la mita 3. 60 mara 9.8 mara 3 ni jouli 1,764, sawa na kalori 0.4 hivi, hizi kalori zinazoandikwa kwenye pakiti ya biskuti. Mwili wetu sio injini nzuri sana, kama robo tu ya nishati ndo inakuwa kazi, iliyobaki inakuwa joto. Kwa hiyo tuseme kalori 2 kwa kila mpando. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori 120. Yaani upande mara 60 ndo umelipia kijiko kimoja alichomiminia mama kwenye kikaango. Ukipanda mara 60 siku ya kwanza, kesho yake utakula kwa kulishwa.

Ni kweli kwenye bomba huwa hupandi tu, unazunguka, unashikilia, unacheza. Watafiti wa Australia waliwapima wachezaji 14 wa ngazi ya juu, matokeo yakatoka mwaka 2018: saa nzima ya darasa ilikula wastani wa kalori 280 hivi. Hizo ni soda mbili za chupa. Mtu wa kilo 60 akitembea kwa mwendo wa kawaida saa moja anatumia kama 210. Tofauti ipo lakini sio ya kutangazia redioni.

Na kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Gawanya mwenyewe kwa 280 uone ni madarasa mangapi.

Basi kwa nini nalipenda bomba? Kwanza linakurudisha. Mazoezi mengi yanakufa wiki ya tatu kwa sababu yanachosha roho, lakini kwenye bomba kila wiki kuna kitu kimoja ulichoshindwa juzi na leo unakiweza, na hicho kinakuamsha kitandani. Pili, linafundisha kuvuta. Kina dada wengi tuna nguvu za kubeba kichwani, kutwanga na kuchota, lakini kujivuta juu kwa mikono hatujawahi kuombwa na mtu. Tatu, bomba ni mzani usiodanganya. Ukipungua kilo moja ya mafuta na misuli ikabaki, unalisikia kwenye mpando wa kwanza kabla hata hujavaa suruali yako ya zamani. Ukipungua kilo moja ya misuli, bomba linakwambia vilevile, na bila huruma.

Waangalieni wakwezi wa nazi. Mnazi mrefu wa pwani unafika mita 20 na zaidi, na mkwezi anapanda mingi kwa siku moja, miguu kwenye vidato au kamba miguuni. Hana kifua cha bango la filamu, ila mgongo na mapaja yake yamekaza kama mti wenyewe. Wengi wanadhani kupanda ndo kumemkausha. Mimi naona mambo yanakwenda pande zote mbili: kila kilo ya mafuta angeipandisha bure mpaka juu na kuishusha, kwa hiyo mwenye kitambi kazi hii anaiacha mapema. TAFADHALI usiende kupanda mnazi kwa ajili ya mazoezi. Mkwezi amelelewa na kazi hiyo, na wapo waliokufa nayo.

KITU CHENYEWE KIMETOKA WAPI

Najua mnachofikiria, na siwezi kukataa: dansi ya mlingoti kama inavyojulikana na wengi imepitia kwenye vilabu vya usiku vya Marekani na Kanada. Ila mlingoti ni wa zamani kuliko vilabu hivyo. Huko Maharashtra, India, wapo wacheza mieleka waliofanya mazoezi kwenye nguzo ya mti, mchezo unaoitwa mallakhamb, na nguzo yao wanaipaka mafuta ya nyonyo ili ngozi isichubuke. China wana sarakasi ya milingoti, watu wanaruka kutoka mmoja hadi mwingine kama ngedere. Na sarakasi yetu Tanzania ina mkono wa China: katikati ya miaka ya 1960 vijana wetu walipelekwa huko kujifunza, wakarudi kuunda kikundi cha taifa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanza mwaka 1981 (siku hizi TaSUBa), sarakasi na ngoma vikafundishwa ndani ya ua mmoja. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa mlingoti likaanzishwa mwaka 2009, na mwaka 2017 mwavuli wa mashirikisho ya michezo duniani, GAISF, ukalipa hadhi ya mtazamaji. Kwa hiyo kaka zangu mnaoniuliza pembeni kama mwanaume anaruhusiwa, nguzo ya mallakhamb ilikuwa ya wapiganaji. Karibuni, ila ua wenu mtajenga wenyewe.

CHUMA CHETU NI MAJI

Jimu ya mashine sio lazima. Dumu la lita 20 kila nyumba lipo, na lita moja ya maji ni kilo moja. Hiyo ndo faida kubwa ya maji kuliko chuma cha dukani: unaongeza mzigo kidogo kidogo kwa chupa ya nusu lita. Kina kaka wa mtaani wana makopo ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege, bomba katikati. Zege ni kama kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo moja linacheza kwenye kilo 9 hadi 10. Nzuri, tatizo ukishajaza ndo umejaza, na makopo mawili huwa hayalingani hata siku moja. Nimeona mtu amepinda bega kwa ajili ya kopo lililozidi.

Sasa hapa ndo pana siri ambayo wengi wanaikosea. Bomba lote ni KUVUTA. Vidole, kiwiko cha ndani, mgongo. Mtu akishapanda bomba mara mbili kwa wiki halafu kwenye chuma naye anavuta tu, anakunja mkono mbele ya kioo aone msuli wake, kano za kiwiko zinawaka moto ndani ya miezi miwili. Kwa hiyo chuma chako kifanye vile ambavyo bomba haligusi: kusukuma na miguu. Kuchuchumaa na dumu umelikumbatia kifuani. Kuinua madumu mawili kutoka chini, mgongo umenyooka, kazi ifanywe na nyonga na sio kiuno. Kusukuma dumu dogo la lita 5 juu ya kichwa, mkono mmoja mmoja. Pushapu, na kama huziwezi anza ukiegemea ukuta, kisha kitanda, kisha chini. Basi. Nimeongeza kuvuta kumoja tu, kulivuta dumu tumboni ukiwa umeinama, kwa ajili ya ule mkono usiopenda bomba, maana kila mtu ana upande wake mzuri na ule mwingine unabaki kuwa mtalii.

Fanya kila zoezi seti 3, mara 8 hadi 12 kila seti. Ukifikisha 12 kwenye zote tatu bila kudanganya, mimina nusu lita. Usipoongeza mzigo mwili hauna sababu ya kubaki na misuli wakati chakula kimepungua. Ndo kazi ya chuma hapa, haiunguzi mafuta mengi yenyewe, inaambia mwili "hii misuli bado inatumika, chukua mafuta kwanza".

Na dada zangu mnaoogopa kuwa na mikono ya bondia: testosteroni ya mwanaume ni zaidi ya mara kumi ya kwetu, na bado kaka zetu wanahangaika miaka kupata hicho kifua. Haitakutokea kwa bahati mbaya Jumatano.

BOMBA LENYEWE

Sisi tulitumia bomba nene la maji lililopakwa zinki, la inchi moja na robo. Kipenyo chake cha nje ni milimita 42.4. La inchi moja na nusu ni 48.3, na mashindano ya kimataifa hutumia 45, kwa hiyo hapo katikati chagua kufuatana na kiganja chako. La plastiki hapana, bomba la antena hapana.

Usilifunge kwenye kenchi la nyumba. Paa lako halikujengwa kubeba mtu anayezunguka, na fundi akija kutazama ufa atakuuliza maswali. Tulijenga kama goli la mpira: nguzo mbili, mwamba juu, na bomba katikati limechomelewa juu na kuzamishwa chini kwenye zege. Zege liacheni. Linafikia nguvu yake ya kawaida siku ya 28, na sisi tulisubiri zote ingawa roho zilikuwa zinawasha. Halafu tukaning'iniza mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 usiku kucha kabla ya binadamu yeyote kugusa. Chini yake godoro, tena zuri, sio lile linalotaka kutupwa.

Kosa langu la kwanza nalitangaza ili lisiwe lenu. Mtoto wa pwani, nimeoga, nimejipaka mafuta ya nazi, nang'aa, nikalirukia bomba. Nilishuka kama maji ya mvua. Goti lilivimba siku tisa. Siku ya bomba USIPAKE KITU mwilini, wala asubuhi yake. Lifute bomba kwa kitambaa chenye spiriti, na kitambaa kingine kikavu kwa ajili ya viganja. Wakati wa kaskazi, joto lile la Januari na Februari, jasho linakushinda hata ufanye nini, tunahamia alfajiri. Kusi likianza kuvuma hata saa kumi na moja jioni panafaa.

Hatua zenyewe hazina haraka. Kushika na kuning'inia sekunde 10. Kisha 20. Kisha kukaa kwa kubana mapaja, ambapo ngozi itauma na vilio vitatokea, hiyo ni kawaida, ila maumivu ya ndani ya kiwiko au bega sio kawaida, pumzika. Kisha kupanda. Kisha kuzunguka, kulia na kushoto vilevile. Kichwa chini miguu juu sio jambo la miezi ya mwanzo, na sio jambo la kufanya peke yako hata siku moja. Misuli inazoea ndani ya wiki chache, kano zinataka miezi, na wengi wanaumia katikati hapo, pale nguvu imefika lakini kamba bado mbichi.

WIKI NZIMA

Jumatatu ni chuma, dakika 45. Jumatano bomba. Jumamosi bomba kwanza halafu chuma, kwa mpangilio huo huo na sio kinyume, kwa sababu vidole vilivyochoka kwenye dumu vitakuangusha kwenye bomba, wakati dumu likikuponyoka linaanguka lenyewe. Alhamisi na Ijumaa mikono inapumzika. Siku zilizobaki ni kutembea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020: mtu mzima apate angalau dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Ukitembea ufukweni Jumanne na Jumapili umeshaingia humo bila kununua kitu.

Kupasha mwili moto tunapiga ngoma. Dakika kumi za sindimba, ngoma ya Wamakonde, kiuno kinazunguka, magoti yamekunjwa, na nyonga zinafunguka kuliko zoezi lolote nililowahi kuonyeshwa kwenye video. Mzungu analipia darasa la kulegeza nyonga, sisi tumezaliwa nalo halafu tunaona haya.

SAHANI

Hapa ndo mafuta yanapoondoka, pengine popote mnapotafuta mnachelewa. Punguza kalori 300 hadi 500 kwa siku, sio zaidi. 500 mara siku 7 ni 3,500, kama nusu kilo ya mafuta kwa wiki. Inaonekana ndogo. Ndo inayobaki.

Lindi tumebarikiwa vitu vitamu vyenye mafuta. Nyama ya nazi moja ya wastani ina kalori kama 1,400 na nyingi zinahamia kwenye tui. Mkigawana watu sita kwenye sufuria moja hakuna kesi, ukiweka nazi mbili kwa watu watatu ipo. Korosho gramu 30, ambazo ni kiganja kimoja, ni kalori karibu 170, na nani amewahi kula kiganja kimoja cha korosho? Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai. Mimi sikuacha ugali wala wali. Nilitoa soda, nikapima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kwa macho, na korosho nikaanza kuzihesabu kama mhasibu.

Kisichopunguzwa ni protini. Tafiti zinaelekea kwenye gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa anayenyanyua vyuma, na hata ukifika 1.2 umewapita wengi. Kwa bahati bahari ipo mlangoni. Samaki gramu 100 wana protini kama 20, pweza wa kuchemsha karibu 30, yai moja 6, dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Siku mfuko ni mwepesi kuna mbaazi, kunde na choroko, kikombe kilichoiva kina 11 hadi 14 hivi. Chipsi mayai la usiku lina mayai ndiyo, lakini limeogelea kwanza.

Na zile chai za "kukata tumbo siku saba"? Nyingi ni sanamaki tu iliyovalishwa pakiti nzuri. Sanamaki inaharisha. Unapoteza maji na chumvi, mizani inashuka, ukinywa maji inapanda, mafuta hayajaguswa. Vidonge ndo vibaya zaidi. Kuna dawa inaitwa sibutramini, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo, na imeshakamatwa mara nyingi duniani ikiwa imefichwa ndani ya vidonge vinavyoitwa vya mitishamba. Upande wa pili wapo wanaomeza deksamethasoni wanenepe mashavu. Ile ni dawa ya hospitali. Inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, na ukiizoea kuiacha ghafla ni hatari. Kama unaitumia mwone daktari, usiikate mwenyewe.

Dada zangu, hili nalisema wazi kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi: ukiona siku zako zimekata na huna mimba, huo sio ushujaa, unakula kidogo mno. Ongeza chakula, na nenda kituo cha afya. Na mwenye mimba, mwenye ngiri, mwenye presha isiyo na dawa au bega lililowahi kuteguka, bomba asubiri mpaka aulize.

MANENO YA WATU

Bomba linashikwa kwa ngozi, ndo maana kaptula. Kwenye mtaa wenye adhana tano kwa siku, hilo lazima lipangwe. Sisi tulizungushia ua makuti marefu, tunaingia na kanga, tunatoka na kanga, simu zote zinakaa kwenye kapu mlangoni. Hakuna picha, hakuna video, hata ya kisigino. Mambo ya wanawake kubaki kwa wanawake sio kitu kipya huku kwetu. Mama yangu aliweka sharti moja tu, hilo la simu, na alikuwa sahihi, maana nimesikia kwingine kipande kimoja cha video kilivyofunga ua mzima.

Bibi ndo alikuwa mgumu. Alikaa kwenye mkeka wiki nzima anatazama, siku ya saba akauliza: "Mnazi usio na nazi mnaupandia nini?" Sikuwa na jibu. Siku hizi ndo anatuhesabia seti, na anahesabu polepole makusudi.

KUPIMA

Mizani iwe mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, na usiiamini peke yake. Nunua utepe wa fundi cherehani. Pima kiuno katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi. Kwa mwanamke kuanzia sentimita 80 hatari ya magonjwa inaanza kupanda na 88 ni kubwa. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Mimi nilianza nikiwa na kilo 75 na kiuno 93. Baada ya miezi mitano kilo 71, kiuno 86, na bomba napanda mara nane bila kugusa chini. Kilo 4 tu, wakati kwa matango niliangusha 9 ndani ya miwili.

Yule mama wa uji alinisimamisha dukani mwezi uliopita. Akanizunguka, akanitazama juu mpaka chini, akaniminya mkono. "Afadhali mwanangu, siku hizi umejaa," akasema, halafu akashusha sauti. "Nani anakuoa?"